Kiti cha Kushoto

Geeveston, 4 Machi 2017

Garth,

Unaandikiwa na mwanamume mwenye kasi kuliko wote waliowahi kuzaliwa kusini mwa Hobart. Dakika moja na sekunde nane nukta nne, mzunguko mmoja wa uwanja wa mbio wa Bramble Hill, mwaka tisini na nne, gari lenye namba zake za barabarani, na mvua ya asubuhi bado haijakauka kwenye lami. Rekodi hiyo ya magari ya barabarani haijavunjwa mpaka leo, na mwenyewe ni mimi, Clarence Pybus, niliyeacha shule na miaka kumi na miwili nikaenda kuchuma matufaha.

Haya, acha kucheka. Najua unajua. Usukani alishika Avis. Mimi nilikaa kiti cha kushoto na saa ya kupimia mkononi na nusu ya pai shavuni, maana yule mwanamke hakuwa na subira ya kungoja mtu amalize kutafuna. Lakini nilikuwemo! Kilo zangu themanini na tisa zote zilikuwemo. Kwa miaka ishirini kila alikokwenda yule Chura, Mazda yake ya kijani yenye taa za kuchomoza kama macho, mimi nilikuwa kushoto namsomea sekunde na kumwambia amechelewa. Mke wangu hakuwahi kunishukuru hata siku moja, na hakuwahi kuendesha mashindano bila mimi hata siku moja.

Sasa kumbuka jambo jingine. Alipokufa, miaka minne iliyopita, watu wa kwao walitaka Chura auzwe. Nikakupa wewe, bure, kwa sababu Avis ndiye aliyekufundisha kukata kona, na kwa sababu ulilia mazishini kuliko mimi, ukaniaibisha. Sharti lilikuwa moja. Siku nitakayosema "sasa", unakuja na Chura mpaka mlangoni kwangu, unanipeleka Bramble Hill, unanizungusha mzunguko mmoja, mimi kwenye kiti changu, kwa mwendo wa Avis na si mwendo wa kupeleka bibi harusi. Tulipeana mikono bandani.

Basi nasema: sasa.

Daktari wa macho amenimulika kwa taa yake mpaka nikamwambia nakiri kosa lolote. Katikati ya macho yangu kuna doa, nalo linakula. Nikikutazama usoni naona masikio mawili na shimo katikati, jambo ambalo kwa sura yako ni nafuu. Ikifika Krismasi, anasema, sitaweza kutofautisha kona na ukuta. Siku ya mwisho ya klabu mwaka huu ni tarehe 12 Novemba. Nataka kuiona ile kona ya kuteremka mara moja tena kabla haijawa hadithi tu.

Una miezi minane ya kumweka Chura sawa. Utaratibu unaujua. Avis aliuandika kwa rangi nyekundu kwenye kifuniko cha kreti ya matufaha na mpaka leo kimetundikwa bandani: Dereva. Breki. Tairi. Springi na shokomzoba. Uzito. Injini, kama bado una hamu. Usiruke hata hatua moja.

Simu usipige. Kidude changu cha sikioni hupiga mluzi hata mbwa wa jirani anakimbia. Andika, tena kwa herufi kubwa kama za ubavuni mwa lori la maziwa.

Clarrie


Evandale, 19 Machi 2017

Mzee Clarrie,

Barua yako nimeipata, na sharti sikulisahau. Tarehe 12 Novemba nimeizungushia duara kwenye kalenda ya jikoni. Nitaondoka huku alfajiri na Chura, nikufikie mapema, tulifungue paa kama Avis alivyopenda, twende Bramble Hill kwa barabara ya kawaida kama watu wenye akili.

Utaratibu wa Avis nitaufuata neno kwa neno. Nimeanza na breki. Mafuta ya zamani yalikuwa meusi kama chai yako, nimeyamwaga yote. Nimeweka pedi za breki zinazovumilia joto la mashindano lakini hazipigi kelele ukisimama dukani. Jana nilimjaribu kwenye barabara ya nyuma ya kiwanja cha ndege. Anasimama mpaka meno yanatangulia.

Kuhusu hatua ya kwanza, yaani dereva, nimejiandikisha siku mbili za mafunzo mwezi ujao. Najua ungesema sihitaji mbili bali ishirini.

Pole sana kwa macho. Nilisoma ile sehemu mara mbili. Mzunguko utaupata, mzee. Naapa.

Garth Lovibond


Geeveston, 2 Aprili 2017

Garth,

Ishirini? Nilikuwa nitasema arobaini, lakini naona unaanza kujijua, ni mwanzo mzuri.

Jana nilichomwa sindano ndani ya jicho. Ndani, bwana! Daktari akaniuliza kama naogopa. Nikamwambia nimekaa kushoto kwa Avis miaka ishirini, sindano yako ni likizo.

Sasa tairi. Usije ukanunua yale mapana ya vijana wa Hobart yanayotokeza nje kama masikio ya tembo. Chura ni mwepesi, mpe tairi jembamba lenye mpira laini. Avis alikuwa akilibonyeza tairi kwa ukucha, na ukucha usipoacha alama, halinunui. Muuza tairi alimchukia mpaka kufa kwake yeye muuza tairi.

Na injini usiiguse. Nakujua. Wanaume wote huanza na injini kwa sababu ndiyo inayopiga kelele. Avis alikuwa akisema gari lisilosimama wala kukamata barabara, ukiliongezea nguvu umeliongezea njia ya kwenda hospitali.

Nina siri, lakini nakuambia kwa kuwa siwezi kujizuia. Nimeacha pai. Wiki tatu sasa. Nimepima kwenye mizani ya kupimia matufaha pale ushirika: kilo themanini na tisa zimekuwa themanini na tano. Nakuandalia abiria mwepesi, ili usije ukasingizia tumbo langu siku hiyo. Kabichi ya kuchemsha ni adhabu, lakini namtafunia Chura.

Clarrie


Evandale, 28 Mei 2017

Mzee Clarrie,

Tairi nimepata, ukucha umeacha alama. Springi fupi na shokomzoba mpya zimeingia pia. Zamani akiingia kona alikuwa akilala ubavu kama mashua, sasa ameng'ang'ania chini kama paka kwenye zulia. Siku ya mazoezi ya klabu nilifanya dakika moja na sekunde kumi nukta mbili. Mwaka jana, nikiwa najivunia, nilifanya kumi na tatu!

Unaona hapo? Sekunde moja na sehemu nane tu zimebaki kufikia ya Avis. Sikuwahi kufikiria kwamba ningeweza kuikaribia.

Nimeingia hatua ya tano, uzito. Tairi la akiba na jeki nimetoa. Zulia nimelitoa. Redio. Hita pia, hiyo ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Kila kitu nakipima kabla ya kukiweka kando. Ni ajabu, mzee, kila kilo inayotoka unaisikia kwenye usukani.

Kilo themanini na tano, hongera sana.

Garth


Geeveston, 11 Juni 2017

Garth,

Umetoa hita mwezi wa Juni, Tasmania, baridi inapoanza. Huo si ufundi, ni toba. Siku ya kunifuata njoo na blanketi mbili na chupa ya maji ya moto, la sivyo utafika Bramble Hill na barafu yenye masharubu.

Avis alipoandika "uzito" alimaanisha takataka. Miavuli, vyuma vya bandani, mawe niliyokuwa nikiokota ufukweni na kuyaficha nyuma ya kiti. Hakumaanisha uliparure gari mpaka mifupa. Ukitafuta kilo, anza na kiuno chako, nilikuona Pasaka. Na kama kilo bado zinakusumbua, nitupe mimi nje kwanza! Avis alitishia hivyo kila mwaka. Mara moja alisimamisha gari kabisa katikati ya mazoezi akanifungulia mlango, kwa sababu nilimwambia amebadili gia kama mtu anayekoroga uji. Nikakataa kutoka. Nikamwambia kiti hiki kimeshika umbo la makalio yangu, atakayekaa hapa baada yangu atapata mgongo mbovu.

Themanini na mbili sasa. Suruali inashikwa na kamba ya kufungia kreti. Mwanamke wa duka la mkate ananiuliza kama naumwa. Namwambia ninajiandaa kwa mashindano, anacheka mpaka anashika meza.

Ulipofanya sekunde kumi, kona ya kuteremka uliingia na gia ya ngapi? Hukuniambia. Mambo kama hayo ndiyo nakula kabichi kwa ajili yake.

Clarrie


Evandale, 20 Agosti 2017

Mzee Clarrie,

Samahani nimechelewa kujibu. Kazi za umeme zimenibana, shule mpya inajengwa huku.

Gia ya tatu. Jumapili iliyopita nilifanya sekunde nane nukta tisa.

Mengine tutaongea tukionana.

Garth


Geeveston, 3 Septemba 2017

Garth, wewe mbwa wee!

Nane nukta tisa! Nilimsomea barua mbwa wa jirani kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine karibu. Nusu sekunde, bwana. Nusu! Nilipiga meza, chai ikamwagika, sikujali. Nilidhani ningeona wivu kwa ajili ya mke wangu. Sikuona. Nilijikuta nimekaa jikoni nacheka kama mwehu, kwa sababu ni kama naye yumo humo anakufokea.

Barua yako ilikuwa fupi kama risiti, lakini nakusamehe. Mtu akikaribia rekodi huwa haongei. Avis hakusema neno siku tatu nzima kabla ya ile ya tisini na nne, mpaka nikadhani amegundua kwamba ni mimi niliyevunja mashine ya kufulia.

Sasa sikia maandalizi yangu. Nimefika themanini kamili, kilo tisa zimekwenda, sijui wapi, sizitaki. Kofia ngumu nimeishusha darini, panya walikuwa wamezaa ndani, nimewahamisha kwa heshima. Na kwa kuwa Chura ni mfupi, ninajifunza kuingia. Nimekata miguu ya kiti cha jikoni kikawa kama shubiri moja kutoka sakafuni. Kila asubuhi najishusha humo mara kumi na kuinuka mara kumi. Mwanzo nilikuwa nakwama nikabaki nimekaa nasikiliza redio mpaka goti likubali. Sasa naingia na kutoka kama bwana harusi.

Daktari anasema doa limepanuka. Lakini nimegundua kwamba nikigeuza kichwa pembeni, kama kuku anayemtazama mdudu, bado naona vizuri kwa ukingo wa jicho. Kona ya kuteremka nitaitazama kama kuku.

Sema utafika saa ngapi. Nitakuwa nimeshavaa.

Clarrie


Bramble Hill, 25 Septemba 2017

Ndugu Clarrie,

Mimi ni Noeline Fyfe, mkaguzi wa magari wa klabu. Nina hakika unanikumbuka, maana Avis na mimi tuligombana kuhusu taa za nyuma za Chura kwa miaka kumi na moja. Nakumbuka habari za macho yako, ndiyo maana nimetumia kalamu nene.

Nimeona niandike mwenyewe kukushukuru. Jumamosi nilimkagua Chura baada ya kazi kubwa aliyofanyiwa. Kiti cha abiria kimetoka, kizimba cha mabomba ya chuma, cha kumlinda dereva gari likipinduka, kimechomelewa kulia na kushoto, na namba za barabarani zimerudishwa serikalini. Kwa hiyo nimemwandika kwenye kundi la magari ya mashindano matupu, ametoka rasmi kwenye magari ya barabarani. Kusema kweli moyo uliniuma kidogo kukata jina la Chura kwenye kadi yake ya zamani ya ukaguzi yenye mwandiko wa Avis. Atakuwa anafika uwanjani juu ya trela sasa.

Nilimuuliza Garth kama wewe umekubali, maana sote tulisikia habari za mzunguko wako. Akatueleza kwamba moyo wako hauruhusu tena mambo hayo, na akatusomea barua yako pale klabuni: "Kama kilo bado zinakusumbua, nitupe mimi nje kwanza." Tulicheka sana. Ni wewe kabisa huyo! Nikasema, si wanaume wengi wangeachia kiti chao namna hiyo.

Tarehe 12 Novemba tafadhali njoo kama mgeni wetu. Nitakufuata mwenyewe kwa gari langu. Tutakuwekea kiti karibu na uzio, blanketi, na chai. Uangalie huo moyo.

Wako,
Noeline Fyfe


Geeveston, 1 Oktoba 2017

Garth Lovibond,

Moyo wangu ni mzima. Daktari aliusikiliza mwezi uliopita akasema ni wa farasi.

Noeline ameniandikia akinishukuru. Nilisoma barua yake kwa kuisogeza pembeni ya jicho, neno moja moja, ikanichukua asubuhi nzima, na kila neno nilidhani linalofuata litakuwa mzaha.

Nina maswali matatu. Kiti kilitoka lini? Ulipoandika "mengine tutaongea tukionana", kilikuwa kimeshatoka? Na ulipowasomea watu utani wangu, uliusoma kwa sauti gani? Kwa sauti yangu? Uliniigiza?

Bado sijaila pai. Nataka ulijue hilo.

C. Pybus


Evandale, 9 Oktoba 2017

Mzee Clarrie,

Kiti kilitoka tarehe 2 Julai. Ndiyo, nilipokuandikia Agosti kilikuwa tayari kiko kwenye rafu bandani kwangu. Na ndiyo, niliiga sauti yako. Walicheka, nami nikacheka nao, halafu nikatoka nje nikajifanya naangalia tairi.

Sina utetezi, nina maelezo tu. Kiti kina kilo kumi na tatu, na kukitoa ni boliti nne, dakika kumi na tano. Hakuna jambo rahisi kama hilo kwenye gari. Nilijiambia nakitoa kwa siku moja ya mazoezi, jioni nakirudisha. Siku hiyo nikafanya tisa nukta tatu. Jioni sikukirudisha. Wiki iliyofuata nikasema nitakirudisha mwezi wa Oktoba, muda upo. Kisha nikaona kwamba bila kiti kuna nafasi ya kupitisha bomba la kizimba, na kizimba kinakaza bodi lote, gari linakuwa kama jiwe moja. Mchomeleaji akaniuliza, tukate vishikizo vya kiti? Nikasema kata.

Baada ya hapo hakuna kurudi, mzee. Hata ningetaka, kiti hakina pa kufungwa. Na kizimba hakiruhusiwi barabarani, ndiyo maana namba zikarudishwa.

Kila barua yako ilikuja na kilo zako. Themanini na tano. Themanini na mbili. Themanini. Kadiri zilivyopungua ndivyo nilivyozidi kushindwa kukuandikia ukweli. Ile ya moyo niliisema kwa kuwa Noeline aliniuliza mbele ya watu na nilihitaji jibu la haraka.

Nitakutafutia gari jingine siku hiyo. Wako watu watatu klabuni wenye Mazda kama ile, wana viti viwili, watakuzungusha kwa furaha. Niruhusu nipange hilo.

Unisamehe.

Garth


Geeveston, 14 Novemba 2017

Garth,

Nimekaa siku tano na barua yako mfukoni, halafu nikaiweka jikoni chini ya chupa ya siki ili niione kila ninapokula. Sikukujibu kwa sababu nilitaka kwanza nikuone unavyokimbia. Sasa nimekuona. Kaa chini.

Hao watu watatu na Mazda zao wabaki nazo. Sikuomba gari, bwana. Magari yamejaa. Niliomba kiti changu ndani ya Chura, kilichokuwa upande wa kushoto wa mke wangu.

Noeline alinifuata Jumapili kwa lile gari lake la kubebea mbwa. Nilinuka mbwa mpaka jioni. Akanikalisha karibu na uzio kama alivyoahidi, blanketi gotini, watu wanakuja kunishika mkono na kuniuliza habari za moyo. Moyo! Mmoja akaniambia nisipande ngazi. Sikumwambia mtu yeyote ulichofanya. Usidhani ni wema. Nilitaka ubaki peke yako ukijiuliza nimemwambia nani.

Nilipeleka saa ya kupimia. Siioni tena, lakini kidole kinajua pa kubonyeza. Chura nilimtambua kwa sauti alipotoka kwenye mstari, ingawa umempa koo la mgeni. Kona ya kuteremka ulichelewa kufunga breki, ukaomba msamaha kwa usukani, nikasikia tairi zinalia. Nikasema kwa sauti, "Umechelewa!" Midomo ilizoea. Noeline akaniangalia, kisha akatazama kwingine. Nilipobonyeza mara ya mwisho nikampa saa anisomee. Sekunde saba nukta tisa. Spika ikatangaza hivyo hivyo. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Viganja viwili, sawasawa.

Sasa hesabu, kwa mtu ambaye hakumaliza darasa la sita. Umetoa kiti, kilo kumi na tatu. Umenitoa mimi, themanini na tisa za wakati ule. Ni kilo mia moja na mbili. Ukatoa hita, zulia, redio, ukaweka tairi ambazo Avis angeziotea ndoto, na kizimba kizima cha chuma kukushikilia usivunjike. Kwa hayo yote umepata nusu sekunde juu ya mwanamke wa miaka hamsini na mbili aliyebeba mume mnene anayetafuna pai. Wala rekodi yake hukuigusa, maana wewe si wa kundi lile tena. Noeline alifungua kadi ya rekodi akanisomea. Magari ya barabarani, nane nukta nne, A. Pybus. Bado ipo. Ulilipa kiti changu, ukanunua rekodi nyingine ambayo hakuna aliyekuwa akiitafuta.

Namba moja kwenye kile kifuniko ni "Dereva". Ulidhani umeimaliza kwa siku mbili za mafunzo. Hukuimaliza. Avis alikuwa na miguu ile ile, mikono ile ile, lakini mtu akipanda kushoto alijua amebeba mtu.

Na jambo moja zaidi. Mchana ulikuja kwenye uzio. Ukasimama mbele yangu, hatua mbili, umeshika kofia ngumu mikononi kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Ukasema, "Mzee Clarrie." Nami nikakutumbulia macho meupe, nikasema, "Samahani bwana, sioni, wewe ni nani?" Ukasema, "Ni mimi." Nikasema, "Mimi nani? Hapa kila mtu ni mimi." Watu wakacheka. Ukageuka ukaenda zako.

Nilikuona, Garth. Niligeuza kichwa kama kuku na nikakuona vizuri, mpaka jasho la mdomo wa juu na lile shati la klabu ambalo Avis alikushonea jina. Ulipofika kwenye trela ulikaa kwenye gurudumu ukainamisha kichwa. Hilo pia niliona. Ilinipendeza kwa muda kama wa kunywa kikombe cha chai. Baadaye haikunipendeza, lakini sikukuita.

Unauliza nikusamehe. Sijui. Unipe muda, nao ninao mwingi, sina la kutazama. Tulipofika mjini nilimwomba Noeline asimame duka la mkate, nikala pai mbili, moja baada ya nyingine, ndani ya gari la mbwa. Naye alikula moja. Yule mwanamke wa duka aliniuliza mashindano yamekwendaje. Nikamwambia nimeshika nafasi ya pili.

Mzunguko wangu umeukata kwa mashine ya kuchomelea, basi, sitaudai tena. Lakini deni halijafutika, limepungua tu likawa dogo la kubebeka na mtu mmoja. Kiti changu kiko kwenye rafu yako. Usikiuze, usimpe mtu. Kipakie kwenye gari lako la kazi, ukilete Geeveston siku yoyote utakayopenda. Sitatoka ndani kama hutaki nitoke. Kiweke ubarazani, kielekee kona ya barabara pale malori ya magogo yanaposhuka, na kiwe upande wa kushoto. Kulia paache wazi.

Na boliti zake nne. Usije ukazisahau.

Clarrie